Mfaransa Aliyekataa Kufundisha: Romain-Desfossés na Wachoraji wa Élisabethville

Historia ya sanaa ya karne ya 20 kwa kawaida huwakumbuka wachoraji wa Ulaya kwa kazi zilizotoka mikononi mwao wenyewe, lakini Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa aliyezaliwa Brest mwaka 1887 na kufariki mwaka 1954 katika mji wa Élisabethville ambao leo unaitwa Lubumbashi, anakumbukwa kwa kazi zilizochorwa na watu wengine, watu ambao wengi wao hawakuwa wamepata kushika brashi ya mchoraji kabla ya kuingia katika karakana yake. Yeye mwenyewe alikuwa mchoraji, na picha alizichora, ila leo ni vigumu kumpata mtu anayezitaja. Wanaotajwa ni Bela Sara, Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga na wenzao, ambao kazi zao zimehifadhiwa Kongo na Ulaya, na ambao kwa sababu yao Katanga hutajwa popote panapozungumzwa uchoraji mpya wa Afrika.

Maisha ya mtu wa namna hiyo hayaelezeki kwa kuorodhesha picha zake. Yanaelezeka kwa kuuliza alifundisha nini, au, kwa usahihi zaidi, alikataa kufundisha nini, kisha kupima kukataa huko kuliwapa nini wachoraji wa Katanga na kuliwanyima nini. Na kipimo hicho hakiwezi kuwa cha haki kama kitaangalia sifa bila kasoro, au kasoro bila sifa.

Élisabethville ulikuwa mji wa shaba tangu siku ya kwanza. Ulianzishwa mwaka 1910, miaka minne tu baada ya kuundwa kwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, na mwaka uliofuata tanuru la kuyeyushia madini lilianza kazi kando ya mto Lubumbashi, mahali ambapo mpaka leo linasimama bomba kubwa la moshi na mlima mweusi wa makapi ya shaba unaoonekana karibu kutoka kila upande wa mji. Kazi ya migodini na viwandani iliwavuta watu kutoka Kasai, Rwanda na Burundi, Rhodesia ya Kaskazini na sehemu zote za Katanga yenyewe, na katika mchanganyiko huo Kiswahili kikashika nafasi ya lugha ya kazi, soko na mtaa. Wakoloni Wabelgiji waliugawa mji sehemu mbili, mji wa Wazungu upande mmoja na cité ya Waafrika upande wa pili, na kupita kutoka upande mmoja kwenda mwingine kulitawaliwa na sheria, vibali na saa za usiku.

Si kweli kwamba uchoraji wa Katanga ulianza siku Mfaransa huyo alipofika. Kuta za nyumba za vijijini zilikuwa zimepakwa picha za wanyama, watu na mapambo kwa muda mrefu kabla yake, na mwaka 1926 ofisa mmoja wa utawala wa Kibelgiji, Georges Thiry, alivutiwa na picha za ukutani huko Bukama, akampa mchoraji wake, Albert Lubaki, karatasi na rangi za maji ili azichore upya kwa namna itakayoweza kusafirishwa. Kazi za Lubaki, pamoja na zile za Djilatendo, fundi cherehani wa Ibanshe katika Kasai, zilionyeshwa Brussels mwaka 1929, kisha kwingineko Ulaya, halafu zikasahauliwa kwa miongo mingi. Tukio hilo linastahili kukumbukwa kwa sababu linaonyesha kwamba mkono ulikuwepo, jicho lilikuwepo, na kilichokosekana kilikuwa karatasi, rangi na mnunuzi.

Ili kuelewa kwa nini mchoraji Mzungu angefurahia picha za mtu ambaye hajasoma chuo chochote, lazima kurudi Ulaya kwenyewe. Tangu Zama za Mwamko, yaani kipindi cha karne ya 15 na 16 ambapo elimu na sanaa za Ulaya zilifanywa upya kwa kutazama Ugiriki na Roma ya kale, vyuo vya Ulaya viliwafundisha wanafunzi kanuni moja: kupima mwili wa binadamu, kutia vivuli ili kitu kionekane kina unene, na kutumia pespektivu, yaani hesabu ya mistari inayokutana mbali ili karatasi bapa ionekane kama dirisha lenye kina. Kufikia mwisho wa karne ya 19 wasanii wengi walikuwa wamechoka na kanuni hizo. Paul Gauguin alihamia Tahiti, na mwaka 1893 na 1894 alichonga mbao za kuchapia picha, kazi ambayo fundi huchimba ubao, akapaka wino sehemu zilizobaki juu, akagandamiza karatasi, naye alifanya hivyo kwa makusudi ya kuacha alama za patasi zionekane badala ya kuzificha. Vijana Wajerumani waliounda kundi la Die Brücke mjini Dresden mwaka 1905, akiwemo Ernst Ludwig Kirchner, waliigeukia chapa hiyo hiyo ya mbao, wakatazama pia vinyago vya Afrika na Bahari ya Kusini katika makumbusho ya mji wao. Pablo Picasso alifuata njia ya vinyago mwaka 1907. Na katika miaka ileile ya 1940 ambayo Romain-Desfossés alikuwa Afrika, Jean Dubuffet huko Ufaransa alianza kukusanya kazi za watu wasiosomea sanaa, akizisifu kuliko za vyuo.

Hivyo wazo alilokuja nalo Romain-Desfossés halikuwa la kwake peke yake: ni wazo la kizazi kizima cha wasanii wa Ulaya waliodhani kwamba elimu ya Ulaya imeua kitu ndani ya mtu, na kwamba kitu hicho bado kinaishi kwa wale ambao elimu hiyo haijawafikia. Wazo lenyewe lina heshima ndani yake, na lina dharau pia, na vyote viwili vitaonekana katika kazi yake ya Katanga.

Alifika Élisabethville katika miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, akitokea makoloni ya Ufaransa ya Afrika ya Ikweta, naye alikuwa na mtumishi wa nyumbani aliyeitwa Bela, mtu wa kabila la Sara kutoka nchi inayoitwa leo Chad. Inasimuliwa kwamba Bela, aliyekuwa akimtazama bwana wake akichora, alianza kuchora mwenyewe kwa siri, na kwamba Romain-Desfossés alipoziona picha hizo hakumkemea wala hakumsahihisha, bali alimpa vifaa na kumwacha aendelee. Mwaka 1946 alifungua karakana ambayo rasmi aliiita chuo cha sanaa ya kienyeji ya watu, lakini ambayo kila mtu aliijua kwa jina la Le Hangar, kwa kuwa kazi ilifanyika katika banda. Miongoni mwa waliopita humo ni Bela mwenyewe, Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga, Sylvestre Kaballa, Jean-Bosco Kamba, Lukanga na Norbert Ilunga.

Utaratibu wa banda ulikuwa mwepesi kuueleza na mgumu kuutekeleza. Mwanafunzi alipewa karatasi na rangi, ama za mafuta ama gwashi, ambayo ni rangi nzito ya kuyeyushwa kwa maji isiyopitisha mwanga, kisha akaambiwa atafute ndani yake na katika mazingira aliyokulia kile anachotaka kuchora. Hakuonyeshwa picha za Ulaya za kuiga, hakufundishwa pespektivu, hakupewa sanamu ya plasta ainakili kama ilivyokuwa desturi ya vyuo vya Paris na Brussels. Mwalimu alipita, akatazama, akatia moyo, akachagua kazi iliyomridhisha. Na hapana shaka kuchagua huko nako kulikuwa mafundisho, kwa sababu mwanafunzi anayeona picha fulani zinapokelewa na nyingine zinaachwa hujifunza haraka njia ya kufuata, hata kama hakuna sentensi moja ya somo iliyotamkwa. Pamoja na hayo, ushahidi wa nguvu kwamba uhuru wa banda ulikuwa wa kweli umo katika picha zenyewe, kwani watu watatu walioketi chini ya paa moja, mbele ya mwalimu mmoja, walitoka na mikono mitatu ambayo haiwezekani kuichanganya.

Bela alichora kwa ncha za vidole. Alichovya kidole katika rangi na kukigandamiza juu ya karatasi, akarudia mamia ya mara, hata mnyama, mwindaji na majani ya msitu yakajitokeza kwa madoa yaliyosongamana, kila doa likibeba ukubwa wa kidole kilichoiacha rangi. Mtazamaji akisogea karibu haoni tena swala wala mti, anaona mguso tu, mmoja baada ya mwingine, ukiwa na unyevu wake, uzito wake na mahali ulipoanza kukauka. Akirudi nyuma, msitu wote unatikisika. Wachoraji wa Ulaya wa karne ya 19, kama Georges Seurat, waliwahi kujenga picha kwa nukta, lakini walifanya hivyo kwa hesabu za nuru na rangi walizosoma vitabuni, ilhali Bela alifika kwenye doa kwa mkono wenyewe, bila brashi kati ya mwili wake na karatasi.

Mwenze Kibwanga, aliyezaliwa mwaka 1925 na kufariki mwaka 1999, alichora kwa mistari. Alikuwa mtoto wa mfumaji, na wengi walioandika juu yake wameona katika kazi yake kumbukumbu ya nyuzi zinazopita juu na chini ya nyingine. Karatasi yake hujaa mistari mifupi iliyolazwa sambamba, ya rangi ya udongo, kahawia, hudhurungi na nyeusi, na kinachotenganisha mwili wa mcheza ngoma na ardhi anayoikanyaga si mzingo uliochorwa pembeni yake bali ni mwelekeo wa mistari: bega likiinama, mistari inainama nalo, mguu ukinyooka, mistari nayo inanyooka, na ardhi yenyewe ina mistari yake inayokwenda upande mwingine. Kwa hiyo hakuna sehemu ya picha iliyo tupu wala iliyotulia, na mpiga ngoma, mwindaji au wanyama wanaopigana huonekana kama wameshikwa katikati ya tendo. Ni mbinu ya ukali mkubwa, kwa maana haimruhusu mchoraji kuficha kosa popote, na pengine ndiyo sababu Mwenze alipata kuwa na wafuasi wengi wa jina lakini wachache wa kiwango chake.

Pilipili Mulongoy ndiye aliyependwa zaidi na watu, na si vigumu kuona sababu. Alizaliwa mwaka 1914, baba yake akiwa mvuvi, akaja mjini, akafanya kazi za ufundi kabla ya kuingia banda, na maji ya utotoni mwake hayakumwacha: samaki, mamba, nyoka, kanga na vifaranga vyao, ndege anayelinda kiota dhidi ya nyoka anayepanda mti. Nyuma ya wanyama hao hakuna mbingu wala upeo wa mbali, bali kuna nukta ndogo ndogo, majani madogo madogo, mistari ya mawimbi inayorudiwa kwa subira mpaka karatasi yote imejaa, na juu ya nukta hizo mwili wa nyoka hupita ukiwa na magamba yaliyopangwa moja moja kama shanga. Uzuri wa Pilipili huwafanya baadhi ya watazamaji wazichukue kazi zake kuwa mapambo, na hilo ni kosa, kwa sababu karibu kila picha yake ina jambo linalotokea au linalokaribia kutokea: anayekula na anayeliwa wako karatasi moja, na mama ndege na nyoka wametazamana. Amani ya rangi imefunika vita ya kuishi.

Kwa kipimo hiki cha kwanza, kazi ya Romain-Desfossés inastahili sifa bila kusitasita. Katika koloni ambapo shule zilimfundisha Mwafrika kunakili, na ambapo utawala ulimhesabu fundi wa kupaka nyumba rangi kuwa mwisho wa ufundi wake, Mzungu mmoja aliwaambia watu wazima kwamba wanachokijua kinatosha kuanzia, akawapa vifaa, akawatafutia maonyesho ndani na nje ya Kongo, na kazi zao zikasainiwa kwa majina yao. Jambo la saini si dogo. Vinyago vya Waluba na Wahemba vilivyopelekwa Ulaya tangu mwisho wa karne ya 19 viliingia katika makumbusho bila majina ya waliovichonga, kana kwamba kabila zima lilishika tezo moja. Picha za Élisabethville ziliondoka zikiwa zimeandikwa Bela, Pilipili, Mwenze Kibwanga.

Kipimo cha pili ni kigumu zaidi. Romain-Desfossés aliamini kwamba ndani ya wanafunzi wake ilikuwemo hazina ya kale ya Kiafrika, safi, isiyoguswa, na kwamba kazi ya mwalimu ni kuilinda isichafuliwe na Ulaya. Aliwahesabu kuwa watoto wake, naye akajihesabu kuwa baba. Mwanafalsafa Valentin-Yves Mudimbe, aliyezaliwa Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1941, na ambaye aliyaandika mambo haya katika kitabu chake The Idea of Africa cha mwaka 1994, alionyesha jinsi imani hiyo ilivyotegemea dhana ya kumbukumbu iliyolala ndani ya Mwafrika ikingoja kuamshwa na mgeni. Uchambuzi huo unagusa mahali penyewe. Watu walioingia banda hawakuwa wamelala msituni. Walikuwa wakazi wa mji wa viwanda, walioamka kwa king'ora cha kampuni, waliovaa nguo za dukani na kuongea Kiswahili na watu wa makabila kumi katika foleni moja. Kumwambia mtu huyo achore asili yake tu ni kumwambia pia, hata bila kutamka, kwamba maisha yake ya sasa hayafai kuchorwa.

Matokeo yake yanaonekana katika picha kwa yale yasiyokuwemo. Mji wa Élisabethville ulikuwa umetikiswa mwezi Desemba 1941, pale wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kudai mishahara walipokusanyika uwanjani na askari wakawafyatulia risasi, makumi ya watu wakafa. Miaka mitano baadaye banda lilifunguliwa katika mji huohuo, miongoni mwa watu waliolijua jambo hilo, na kwa sehemu kubwa mno picha zilizotoka humo ni za swala, samaki, ngoma na uwindaji. Bomba la moshi halimo. Mgodi haumo, wala askari, wala kibali cha kutembea usiku. Haifai kuwalaumu wachoraji, kwa kuwa katika koloni la mwaka 1946 picha ya askari mwenye bunduki isingeonyeshwa popote na huenda ingemtia mchoraji wake matatani. Na walionunua, ambao karibu wote walikuwa Wazungu, walitaka Afrika yenye ndege na mito iwe ukutani sebuleni. Lakini mwalimu mwenye kuupenda usafi kiasi hicho alikuwa pia, apende asipende, amewarahisishia wanunuzi hao mambo.

Wapo watakaouliza kama nyoka wa Pilipili anayekiendea kiota, au wawindaji wa Bela wanaomzunguka mnyama, hawakuwa njia ya kuyasema yasiyosemeka. Inawezekana, maana hekaya za Waluba na za jirani zao zimekuwa zikizungumza juu ya wenye nguvu kwa mdomo wa wanyama tangu zamani, na msikilizaji aliyekulia humo hahitaji kufafanuliwa ni nani chui na ni nani sungura. Hata hivyo usomaji wa namna hiyo hauna budi kufanywa kwa tahadhari, picha kwa picha, kwa sababu ukitumiwa kwa kila kazi unamnyima Pilipili haki yake rahisi ya kumchora samaki kwa kuwa alimpenda samaki.

Mwaka 1951 mchoraji Mbelgiji Laurent Moonens alianzisha katika mji huohuo Académie des Beaux-Arts, chuo chenye madarasa, ngazi na mtaala, yaani kitu ambacho Romain-Desfossés alikuwa amekikimbia. Kwa miaka michache taasisi hizo mbili ziliishi pamoja. Romain-Desfossés alipofariki mwaka 1954 banda halikuwa na mtu wa kulisimamia, likamezwa na chuo, na Bela, Pilipili na Mwenze wakapewa kazi ya ualimu humo, hivyo waliokatazwa kufundishwa wakawa wenyewe walimu. Chuoni hapo ndipo alipopita Mode Muntu, aliyezaliwa mwaka 1940, ambaye watu wake warefu wembamba, weusi kama vivuli, wamezungukwa na nukta na alama zinazofanana na maandishi ya lugha isiyojulikana. Aliishi kwa shida, akapata msaada katika jumba la makumbusho la Lubumbashi, akafa katika miaka ya 1980 kabla hajapata hata robo ya heshima anayopewa leo. Bila banda la Romain-Desfossés nukta zake zisingekuwa na ukoo, na bila chuo cha Moonens asingekuwa na nidhamu ile ya kupanga ukurasa. Katika kazi yake mvutano wa shule hizo mbili ulipata jibu ambalo waanzilishi wenyewe hawakulipata.

Karakana za namna hii zilizuka sehemu nyingi za Afrika katika miaka hiyo. Huko Brazzaville, Mfaransa Pierre Lods alifungua karakana ya Poto-Poto mwaka 1951. Salisbury, ambayo ni Harare ya leo, Frank McEwen aliwapa wachongaji nafasi kuanzia mwaka 1957. Na kabla yao wote Margaret Trowell, Mwingereza, alikuwa ameanzisha masomo ya sanaa Makerere mwaka 1937, naye pia akiwaonya wanafunzi wasiige Ulaya, ingawa tofauti na Romain-Desfossés aliamini katika mafunzo ya chuo, na wanafunzi wake kama Sam Ntiro na Elimo Njau kutoka Tanganyika walikuja kuwa walimu na wasemaji wa sanaa ya Afrika Mashariki kwa haki yao wenyewe. Dar es Salaam haikuhitaji Mzungu wa kufungua banda: Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 kuchora wanyama kwa rangi ya kung'aa juu ya vipande vya hadibodi, akauza, akakusanya jamaa zake kabla ya kuuawa kwa risasi mwaka 1972. Kufanana kwa ndege wake na ndege wa Pilipili kumewafanya baadhi ya watafiti waamini kwamba aliwahi kuziona picha za Kikongo zilizokuwa zikiuzwa mjini humo. Kama ni hivyo, basi mkono wa mtoto wa mvuvi wa Katanga umefika mbali kuliko ambavyo mwalimu wake angeota.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja Lubumbashi kwenyewe, na hayakutoka katika chuo. Baada ya uhuru wa mwaka 1960, kujitenga kwa Katanga kulikoisha mwaka 1963, na kubadilishwa kwa jina la mji mwaka 1966, walitokea wachoraji wa mitaani waliofanya kazi juu ya kitambaa cha magunia ya unga na kuuza kwa majirani zao, wafanyakazi na wenye maduka wa mitaa ya Lubumbashi iitwayo Kenya, Katuba na Kamalondo, ambao walitundika picha hizo sebuleni na kuziita ukumbusho. Humo ndimo yalimoingia yote yaliyokosekana bandani: mfungwa anayechapwa viboko chini ya bendera ya Ubelgiji, waziri mkuu Lumumba aliyefungwa kamba, treni, kiwanda, mamba muntu, yaani nguva, mwenye nywele ndefu akikaa kando ya maji. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alichora kati ya mwaka 1973 na 1974 mfululizo wa picha zaidi ya 100 zinazosimulia historia ya nchi yake tangu kabla ya Wazungu, akazieleza moja moja kwa Kiswahili cha Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, mbele ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyezichapisha pamoja na maelezo hayo mwaka 1996. Tshibumba hakuwa mwanafunzi wa Romain-Desfossés, na pengine asingependa kuitwa hivyo. Kwake mchoraji ni mwanahistoria, na historia haisubiri kuwa safi.

Ni rahisi mno kumsimamisha Tshibumba dhidi ya Pilipili, mmoja akiwa sauti ya wananchi na mwingine akiwa kipenzi cha wakoloni, lakini ulinganisho huo unawapunja wote wawili. Wote walifanya kazi kwa wanunuzi waliokuwepo, kila mmoja na wa kwake, na wote walipata ndani ya mipaka ya wanunuzi hao namna ya kuona ambayo haikuwepo kabla yao. Tofauti iliyo ya kweli ni kwamba Tshibumba alichagua mwenyewe jambo la kuchora, wakati Pilipili alichaguliwa jambo na kuachiwa namna. Na kwa mchoraji, ambaye kazi yake yote iko katika namna, zawadi hiyo nusu ilikuwa bado kubwa.

Pilipili Mulongoy aliishi kuliko karibu wote wa banda, akafariki mwaka 2007 akiwa na zaidi ya miaka 90. Mwaka uliofuata vijana wa Lubumbashi, akiwemo mpiga picha Sammy Baloji, walianzisha kupitia kituo chao kiitwacho Picha maonyesho ya kimataifa ambayo tangu hapo yameendelea kufanyika katika mji huo kama Biennale de Lubumbashi. Na Baloji, katika kazi aliyoiita Mémoire, alikwisha kuchukua picha za zamani za wafanyakazi wa Union Minière na kuwasimamisha upya mbele ya magofu ya viwanda vya sasa. Mwaka 2015 taasisi ya Fondation Cartier ya Paris iliandaa onyesho kubwa la miaka 90 ya sanaa ya Kongo, kuanzia Lubaki wa mwaka 1926, ambamo kazi za Bela, Mwenze, Pilipili na Mode Muntu zilionekana na umma ambao kwa sehemu kubwa ulikuwa haujapata kusikia majina hayo. Kazi nyingine zimo katika makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji, na nyingine nyingi ziko mikononi mwa familia za Wazungu waliokuwa Katanga, ambazo huzipeleka mnadani kadiri wazee wao wanavyofariki. Mwanafunzi wa sanaa wa Lubumbashi anayetaka kuhesabu madoa ya Bela kwa macho yake mara nyingi hana budi kuomba visa, ilhali vidole vilivyoyaweka vilifanya kazi hiyo kilomita chache tu kutoka darasani kwake.